Mgongo wa Emrys

Maji yalikuwa yameshachemka, na beseni kubwa la bati limewekwa mbele ya moto wa jikoni, Emrys Probert alipoingia kutoka uwanjani. Alikuwa ameuawa vitani Ufaransa mwaka uliopita. Kila Jumamosi hurudi kuichezea klabu yetu ya raga, kisha huja kwa mama yake kuoga na kunywa chai, kama enzi zile alipokuwa akivaa jezi nyekundu ya Wales.

"Mmeshinda?" aliuliza mama yake, Bi Gwenllian.

"Tumeshinda. Nimefunga trai mbili."

"Haya, vua viatu huko huko, usinichafulie sakafu."

Bonde letu ni la makaa ya mawe, na mchimbaji haoshwi mgongo. Ukiuosha, uti unalegea. Kwa hiyo mwaka mzima Emrys alioshwa kifua, na kifua hakikuwa na hata mkwaruzo. Kapteni Lyddon, mwenye mgodi, mwenyekiti wa klabu na kiongozi wa vijana wetu vitani, alitutangazia kanisani kwamba kijana alikufa akiwatazama Wajerumani usoni. Tukalia, tukaimba. Wajinga sisi! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hatukuivua.

Jumamosi hiyo udongo wa Ufaransa mgongoni ulikuwa umeanza kuota nyasi.

"Mfu hana uti wa kulegea," alisema Bi Gwenllian, akashika brashi.

Katikati ya mabega palikuwa na tundu. Risasi ikadondoka ndani ya beseni. Jirani yao Idwal, aliyepigana kikosi kimoja na Emrys na aliyekuwa akinywa chai pale mezani, aliiokota akaigeuzageuza.

"Ya bastola," alisema. "Sisi tulipewa bunduki. Bastola alikuwa nayo Kapteni."

"Emrys, nani kakupiga?"

"Kapteni. Nilimwambia vijana wamechoka, wasitolewe tena handakini kushambulia. Nikamgeuzia mgongo nirudi kwao."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Mama."

"Na wewe Idwal, ulikuwepo?"

Idwal alitazama kikombe chake. "Nina watoto, Bi Gwenllian. Na nyumba ninayokaa ni ya mgodi."

"Mwanaume mzima! Toka kwangu."

Jumamosi iliyofuata Bi Gwenllian aliikata jezi ya mwanawe mgongoni, tundu lionekane. Emrys akikimbia, ungeweza kuliona hata kutoka kwenye milingoti ya goli. Uwanja mzima uliona. Bi Gwenllian akapanda jukwaani, akamwekea Kapteni risasi kiganjani.

"Yako hii. Uliisahau kwa mwanangu."

"Ahsante, Bi Probert," alisema Kapteni, akaitia mfukoni. "Na ile nyumba yangu, bado mnakaa vizuri?"

Hapo Emrys akafunga trai. Kapteni alikuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi. Kisha tukapiga sote, laana ituangukie, na Idwal alipiga kuliko wote.

Jumatatu tukashuka mgodini kwa Kapteni kama kawaida. Bi Gwenllian haji tena uwanjani. Maji huyachemsha kila Jumamosi, na siku hizi huanzia mgongoni.