Kijiti cha Mzee Hamira

Kwa miaka thelathini na mitatu ya kuoka mikate, Mzee Hamira hakuwahi kuharakishwa na mtu. Wateja wapige kelele mlangoni wapendavyo, yeye alifuta mikono kwenye aproni na kusema, "Unga umelala. Ukiamka nitawaita." Ndiyo maana daktari alipomwambia ana saratani ya damu na dawa lazima zianze leo leo, alichomoa kalenda mfukoni.

"Baada ya wiki mbili, daktari. Kuna keki ya harusi ya huyu hapa." Akamwonyesha kwa kidevu bintiye aliyeketi kando yake. "Ghorofa saba. Nimeapa kuioka kwa mikono yangu."

"Mikono ipi, baba? Hiyo yenye mavilio ya damu?"

Kweli, mikono ilikuwa na madoa kama ya mtu aliyepigana na mlango akashindwa. Fizi zilimvuja damu, na gunia la unga alilozoea kulibeba kama mto lilikuwa limemkalisha chini mara mbili wiki ile.

"Saratani hii inakimbia, mzee wangu," daktari alisema. "Damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Uboho wako unatoa chembe changa zisizokomaa. Kazi hazifanyi, kuzaana zinazaana, na zile nzuri zinakosa nafasi."

"Basi ziacheni zitulie kwanza."

Bintiye, aliyekulia kwenye meza ya kukandia unga, akaweka mikono kiunoni. "Baba, tuseme umefungua tanuri. Limejaa mikate mibichi, na kila dakika inaingia mingine. Utavuta kiti ukae wiki mbili?"

"Nikae? Mimi? Nakomba kila kitu! Nasugua tanuri mpaka ling'ae, naanza upya!"

Kisha akasikia alichokisema. Kalenda ikarudi mfukoni polepole.

"Hiyo ndiyo tiba yenyewe," daktari akacheka.

"Na harusi?"

"Itasubiri," bintiye alijibu. "Bwana harusi akichoka, nitajua nilikuwa naolewa na gunia."

Dawa zikaingia mshipani siku saba. Nywele zikaaga. Homa ikampiga siku nne, akawa anaweweseka, akiamuru wauguzi wageuze trei za mikate kabla hazijaungua, nao wakaitikia, "Tumegeuza, mzee." Bintiye alikuja kila siku na barakoa usoni, akimsimulia mikate aliyoiunguza, naye alikasirika hadi akapata nguvu za kula.

Mwezi ulipokwisha, wakamchoma sindano ya nyonga kuchukua uboho wa kupima. Siku ya majibu daktari aliingia na karatasi. Mzee Hamira alishika mkono wa bintiye kwa nguvu.

"Usinisomee tarakimu. Keki huchomwa kijiti; kikitoka na unga mbichi, haijaiva. Chako kimetokaje?"

Daktari akainua kidole hewani, akakikagua kwa makini kama mwokaji. "Kikavu."

Bintiye akapiga kigelegele, muuguzi wa wodi ya jirani akaja mbio.

"Ila hatujamaliza," daktari akaendelea. "Zipo raundi nyingine, ili zile chembe mbovu zisirudi."

"Sawa! Tuanze leo," Mzee Hamira alisema, miguu tayari iko nje ya shuka. "Tarehe panga wewe, harusi itafuata. Keki niachieni mimi."

"Wiki ijayo, mzee wangu. Damu imelala. Ikiamka nitakuita."

Bintiye alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mzee Hamira, kwa mara ya kwanza maishani, alijua wateja wake walivyoteseka.