Vikaratasi vya Wiki ya Tisa

Habari ilizunguka chuo kizima kabla chai haijachemka: wifi kamchinja wifi, na kisu alichotumia ni grafu.

Mwenye grafu alikuwa mtakwimu wa chuo, mwanamke mwembamba wa miwani ambaye wanafunzi walimbatiza Bibi Asilimia. Kazi yake ni kuhesabu nani kaingia, nani kamaliza, nani kapotelea njiani, na kwa nini. Aliyechinjwa ni dada wa mumewe, mwalimu wa hesabu aitwaye Mama Sehemu, ambaye kwa miaka kumi na moja ameendesha Chumba cha Msaada: meza sita, ubao mmoja, na mlango usiojua komeo. Mwanafunzi akilemewa na hesabu, mhadhiri wake humwandikia kikaratasi cha njano. Anakipeleka kwa Mama Sehemu, anakalishwa chini, anaanzishwa upya tangu kujumlisha.

Grafu yenyewe ilikuwa na nguzo mbili tu. Katika kila wanafunzi mia walioingia chumba kile, waliovuka mwaka wa kwanza ni thelathini na wanane. Katika kila mia wasiokanyaga humo, sabini na mmoja. Baraza la chuo likazitazama nguzo zile, likaguna, likapanga kuamua Alhamisi saa nne asubuhi: chumba kifungwe, kipewe idara ya kompyuta.

Alhamisi ndiyo hiyo ikafika. Saa moja na nusu Bibi Asilimia alikuwa jikoni mwa ofisi akingoja chai yake. Mkuu wa idara ya kompyuta, bwana mrefu anayecheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe, alikuwa kaegemea mlango.

"Ukitaka mtoto wa mtu afeli," alisema, "mpeleke kwa Mama Sehemu. Namba ndizo zinasema, si mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama wa chai hakucheka. Alikuwa anamimina, na hakuinua hata uso.

"Mume wangu ana gereji," alisema. "Magari yanayoingia pale ndiyo yanayozimika njiani kuliko yote mjini. Basi leo nikamwambie afunge, magari ya mji yapone?"

Kicheko kikaongezeka. Kikombe cha Bibi Asilimia kikabaki hewani, kati ya sahani na mdomo.

Gari bovu na gari jipya. Ndicho alicholinganisha. Wale sabini na mmoja, wengi wao waliingia chuoni na alama nzuri, hawakuwahi kuhitaji msaada wa mtu. Yeye aliyesomea takwimu miaka saba, kosa lile angelimkatia alama mwanafunzi yeyote! Akaiacha chai pale pale, akatoka nusu anatembea, nusu anakimbia.

Ofisini aliwatenga waliopata chini ya alama arobaini kwenye mtihani wa kuingilia, katika miaka yote mitano iliyohesabiwa na grafu ile. Sasa analinganisha wabovu kwa wabovu. Ambao hawakwenda chumbani walikuwa mia na ishirini, wakavuka arobaini na mmoja: thelathini na wanne kwa mia. Waliokwenda walikuwa mia tatu na kumi, wote wa chini ya arobaini, nao wakavuka thelathini na wanane kwa mia.

Akakaa. Tofauti ya nne tu, ambayo hata bahati ya mwaka mmoja ingeweza kuileta. Akienda nayo barazani watamcheka mbele ya wifi yake.

Jambo moja tu lilimkereketa: walikwenda lini? Kompyuta haikujua. Ndani yake kulikuwa na neno moja kwa kila mwanafunzi, ndiyo au hapana. Tarehe zilikuwa kwenye vikaratasi vya njano, na vikaratasi viko kwa Mama Sehemu, na Mama Sehemu ana wiki mbili hamsemeshi. Jumapili iliyopita, nyumba imejaa watu hadi ukumbini, alisalimia wakubwa, watoto, mpaka paka. Bibi Asilimia peke yake ndiye aliyerukwa.

"Hodi."

Mama Sehemu alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi. "Mwenye chumba hayupo. Kafukuzwa."

"Wifi, nimekosea."

"Sijasikia vizuri. Vumbi la maboksi limeniingia masikioni."

"Nimekosea, wifi! Nimewalinganisha wasiolingana. Naomba vikaratasi vya miaka mitano, vyote. Tuna saa mbili."

Mama Sehemu alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama anayepima kitambaa kibovu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwangu mimi nilimpigia vigelegele siku ya harusi, sauti ikanikauka wiki nzima." Lakini mkono ulikuwa tayari umeshaingia chini ya meza, ukavuta maboksi matatu ya viatu, yamefungwa kwa kamba.

Wakakaa. Mmoja anasoma, mmoja anabonyeza.

"Wiki ya pili. Wiki ya tatu. Wiki ya tisa. Wiki ya tisa. Wiki ya kumi, huyu alikuja analia. Wiki ya tisa tena. We, andika, unanitazamia nini?"

Saa tatu ikapita. Saa tatu na robo. Kidole cha Bibi Asilimia kiliteleza, akafuta safu nzima, wakarudia vikaratasi ishirini huku Mama Sehemu akinung'unika kwamba ndiyo maana kaka yake anakonda. Cha mwisho kilisomwa saa nne kasoro dakika ishirini.

Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikatoa.

Waliokuja kabla ya wiki ya tano: tisini na sita. Wamevuka sitini. Hiyo ni zaidi ya sitini na wawili kwa mia.

"Nilijua!" Mama Sehemu alipiga meza. "Nilijua mimi!" Kisha macho yakashuka mstari wa pili, sauti ikakatika.

Waliokuja baadaye: mia mbili na kumi na nne. Wamevuka hamsini na wanane. Ishirini na saba kwa mia.

"Hawa wamepitwa hata na wale wasiokuja kabisa," alisema pole pole.

"Ndiyo."

"Hiyo usiiseme." Akamshika mkono. "Nilikaa nao Jumamosi zote, wifi. Sema ya sitini, inatosha. Ukiisema hii wananifungia leo leo."

"Nikiificha wakaja kuiona, na ile ya sitini itaitwa uongo."

Mama Sehemu akauachia mkono. "Haya, nenda. Lakini chumba kikifungwa, usikanyage kwangu na hiyo miwani yako."

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu na madirisha yasiyofunguka. Mwenyekiti, mama mzito wa maneno machache, alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika kitu.

"Wiki mbili zilizopita ulituambia chumba kinaangusha watu," alisema. "Leo kinainua. Tuuamini mdomo upi?"

"Wa leo, mheshimiwa. Ule wa kwanza ulikosea, na kosa ni langu, si la mashine."

Mkuu wa kompyuta akajiegemeza kwenye kiti. "Ngoja kwanza. Wanaowahi si ndio wenye bidii? Hao wangevuka hata tungewafungia stoo!"

Kichwa cha mwenyekiti kikaitikia. Swali lilikuwa zuri, na ndilo Bibi Asilimia alilokuwa akiliogopa njia nzima. Akapekua karatasi. Aliyoitaka ilikuwa ya mwisho.

"Mwalimu wa umeme hangoji mtu afeli," alisema. "Wiki ya pili anachukua orodha ya walioingia na chini ya arobaini, anawapeleka wote, wapende wasipende. Walikuwa arobaini. Wamevuka ishirini na watano. Hao hakuna aliyewauliza kama wana bidii."

"Na hawa mia mbili na kitu?" akauliza mwenyekiti.

Sasa ndiyo sasa. "Hawakusaidika, mheshimiwa. Walipelekwa wiki ya tisa, wiki ya kumi. Mtihani ni wiki ya kumi na mbili."

"Si ndiyo hayo!" akadakia mkuu wa kompyuta.

"Nani aliwapeleka wiki ya tisa?" mwenyekiti akauliza.

Bibi Asilimia akageuza karatasi. "Wahadhiri. Kila kikaratasi kina sahihi. Sabini na kimoja vina sahihi moja."

Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja, maana kicheko cha bwana mmoja kilikuwa kimezimika mle ndani kama redio iliyochomolewa.

"Wote tunafanya hivyo," bwana yule akasema, anatazama kalamu yake. "Mtu akifeli, kwenye kikao unaulizwa ulimsaidiaje. Unaonyesha kikaratasi."

"Kumbe kinaandikwa kwa ajili ya kikao," alisema mwenyekiti. Akafunga jalada. Chumba kibaki mwaka mmoja, kihesabiwe tena. Kuanzia sasa, kikaratasi cha baada ya wiki ya tano kisipokelewe.

Mama Sehemu alikuwa kasimama kwenye korido, mgongo ukutani.

"Kimebaki," Bibi Asilimia alimwambia, kisha akamweleza sharti la wiki ya tano.

"Nimfukuze wa wiki ya tisa?"

"Ndivyo walivyoamua."

"Akija analia mlangoni nimwambie nini? Wewe mwenye namba, niambie."

Mama Sehemu hakungoja jibu, akajitoa ukutani.

"Muhula unaanza Jumatatu. Wapya wa chini ya arobaini ni wangapi?"

"Themanini na watatu."

"Nipe majina na madarasa yao."

"Wahadhiri ndio wanaopaswa kuwa—"

"Wahadhiri watangoja mpaka wafeli. Nitawafuata mwenyewe, mlango kwa mlango. Mwalimu wa umeme anaweza, mimi nishindwe?"

Wakaingia ofisini. Mashine ikatoa karatasi tatu, bado zina joto. Mama Sehemu akazinyakua, akaziweka kifuani.

"Na Jumamosi uje na wewe. Watu themanini na watatu siwawezi peke yangu."

Bibi Asilimia akasema yeye hajui kufundisha. Mama Sehemu alikuwa keshafika kwenye ngazi, anasoma jina la kwanza kwa sauti.