Ubao Mweupe Mteremkoni

Mama Swichi hakupewa jina hilo bure. Kibanda chake kilikaa katikati ya mteremko, pale reli inapogawanyika. Moja inashuka moja kwa moja hadi stesheni ya mjini. Nyingine inakata kushoto, inapanda kilima na kuishia kwenye lundo la mchanga. Hiyo ya mchanga haikujengwa kwa urembo. Treni ikikatika breki inapelekwa huko, ipande mpaka ichoke, izame mchangani isimame. Ndiyo maana swichi, kipande cha reli kinachohamisha njia, hulala imeelekea mchangani siku zote, na ubao wa ishara kando yake unaonyesha wekundu. Dereva asimame kabisa kwanza, apige honi, ijulikane breki zake ni nzima. Hapo ndipo mama avute wenzo, mkono wa chuma wa swichi, ubao ugeuke mweupe, treni iende zake mjini.

Sheria safi kabisa. Ila dereva wa treni ya asubuhi alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, na huyo bwana kusimama hakutaki.

"Dada, nisimamishe mabehewa yote haya halafu niyaondoe tena, tunamkomoa nani?" alimwambia. "Honi yangu unaijua. Ukiisikia kule juu tu, nifungulie."

Akamfungulia. Mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa kicheko, baadaye bila hata kuweka chini kikombe chake cha chai. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, lakini nani anawasikiliza wahenga chai ikiwa moto?

Asubuhi ile alisikia honi, akavuta wenzo, ubao ukawa mweupe. Akarudi kwenye chai yake. Lo! Honi haikunyamaza. Ililia mfululizo, ikija, na honi isiyokatika ina maana moja tu: breki hakuna.

Kikombe kikaruka huko. Mama akauning'inia ule wenzo kwa unene wake wote, unene aliokuwa akiulalamikia kila siku, akiomba na kutukana kwa pumzi moja. Reli zikahama, ubao ukarudi mwekundu. Treni ikampita kwa kishindo, ikapanda kilima, ikazama mchangani, ikasimama. Abiria wakashuka wanatetemeka, wazima wote.

Aliyeumia ni mmoja, Msumari, mshika breki wa behewa la nyuma. Yeye aliruka mapema, kwenye kona ya juu, pale ubao unapoanza kuonekana. Walimkuta juu ya mawe, nyonga imevunjika.

"Mama, umeshika sheria, umeokoa roho za watu!" mkuu wa stesheni alimsifu mbele ya umati. "Ila yule mwoga, hata akipona, kazi hana. Ubao mwekundu uko mbele yake, mchanga unamngoja, yeye anaacha breki anaruka!"

Mama akafungua mdomo. Mdogo wake akamkanyaga mguu.

"Nyamaza, dada," alimnong'oneza baadaye. "Tukifukuzwa wote wawili, mama yetu atakula nini? Mchuma janga hula na wa kwao."

Akanyamaza. Lakini kila aliyempa mkono wa pongezi alimchoma. Msumari si wa kwao, mbona janga anakula yeye? Siku ya tatu hakuweza tena. Akajaza chai kwenye chupa, akaenda hospitali, akijidanganya kwamba anakwenda kumpa pole tu.

Msumari alikuwa kitandani, mkewe kando yake, kichwa chini. Majirani walikuwa wamekwisha kumbatiza Mke wa Mruka Treni.

"Shikamoo, mama," alisema Msumari.

"Marahaba," mama aliitikia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mimi si mwoga, mama. Nilikaza breki mpaka viganja vikachubuka. Halafu nikaona ubao mweupe. Nikasema tumekwisha, tunaingia stesheni na watu wamejaa. Nikaruka. Kumbe ulikuwa mwekundu." Akacheka kicheko kibaya. "Macho yangu yamekufa. Simlaumu mkuu. Mtu asiyeona rangi ana kazi gani kwenye reli?"

Mama akaiweka chupa chini.

"Macho yako mazima, mwanangu. Ubao ulikuwa mweupe. Niliufungua mimi kabla hamjasimama, kwa sababu dereva ni mdogo wangu na kikombe kilikuwa mkononi. Niliugeuza wewe umesharuka."

Msumari akayafumba macho yake mazima, machozi yakamtoka pembeni. Mkewe ndiye aliyeinua kichwa.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Wodi nzima isikie, maana wodi nzima inamcheka."

Mama akasimama, akarudia, kwa sauti ile ile aliyozoea kuishindanisha na treni. Kisha akatoka kwenda kwa mkuu wa stesheni kuyasema hayo hayo. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa njiani. Aliipita bila kubisha hodi.