Pumzi za Mdogo Wake

Fundi alikata mawe kwa mashine miaka ishirini, na vumbi lake likamkaa kifuani. Kikohozi kikavu hakikumwacha, alikonda akabaki mifupa, na ngazi nne za mlangoni alizipanda kwa kupumzika mara mbili.

Lakini kilichomuuma kuliko kifua ni wivu. Kila asubuhi mdogo wake, waliyefanya naye kazi karakana moja, aliwaletea madumu mawili ya maji kwa mkupuo, akimtania shemeji yake, na mke akicheka kicheko ambacho fundi hakukisikia tena kitandani kwake.

"Huyo ana nguvu, eh?" fundi alimwambia mkewe.

"Baba watoto, anatusaidia tu."

"Anatusaidia, au anakusaidia?"

Mke alimtazama, akatoka.

Siku ya kliniki, fundi alimkuta mdogo wake kwenye benchi la wagonjwa, amekumbatia bahasha ya eksirei.

"Wewe umefuata nini huku?"

"Vumbi ni lile lile, kaka. Mapafu yangu nayo yameanza makovu. Daktari anasema nisipoacha kazi, hata kifua kikuu kitanidaka kirahisi. Nikishatua maji kwako hujificha nyuma ya nyumba mpaka pumzi irudi. Sikutaka ujue."

Kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, fundi alifurahi. Kisha haya zikampanda mpaka masikioni. Akajisogeza, akaketi ubavuni mwake.

"Kesho maji usilete," alisema. "Njoo tukae tu."