Bei Yake ni Barua

Jarida la Shangazi halikuwa la kuuza. Ukimpa hela alikutazama kana kwamba umemwekea panya mfu kiganjani. Bei yake ilikuwa barua: ukurasa mzima, ueleze kilichokufurahisha na kilichokuudhi. Ukileta barua, unapata toleo linalofuata. Usipoleta, jina lako linakatwa kwa kalamu nyekundu, na usije ukamchekea sokoni ukidhani yameisha.

Lilihusu mchezo wa redio, *Wapangaji wa Ghorofa ya Tatu*. Mchezo huo ulikatika miaka ishirini na miwili iliyopita, mpangaji mwanamke akiwa kasimama mlangoni na sanduku lake, jirani yake daktari wa meno akimwambia, "Kabla hujaondoka..." Basi. Wiki iliyofuata, saa ileile, redio ikaweka kipindi cha mbolea. Watu walinung'unika siku mbili tatu wakasahau. Shangazi, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi, hakusahau. Alirudi nyumbani akaanza kuandika yaliyofuata. Wagonjwa wenzake wa mchezo ule wakamletea na vyao, naye akapiga taipu, akatoa kopi, akakunja, akabana kwa stapla yake yenye mkono mrefu kama wa mla rushwa. Matoleo arobaini, jamani! Si mchezo.

Zamani kila toleo lilileta barua sitini. Zikawa thelathini, zikawa kumi na tano. Toleo la arobaini lilileta sita, na ya saba ilikuwa bili ya maji.

"Hili la arobaini na moja likipata chini ya kumi mpaka mwisho wa mwezi, nafunga," Shangazi alitangaza mbele ya meza ya Fundi Redio. "Na stapla nakupa wewe."

"Niifanyie nini?"

"Ubane huo mdomo."

Huyu Fundi alikuwa msomaji wake wa kwanza na mwiba wake wa kudumu. Barua zake zilianza hivi: "Ukurasa wa saba, mstari wa tatu, daktari wa meno ana mikono mitatu." Shangazi alivumilia mpaka toleo la kumi na mbili, kisha akafuta namba za kurasa kabisa, ili Fundi akitaka kulalamika ahesabu kwa vidole. Tangu siku hiyo jarida likawa halina namba. Likumbukeni hilo, maana ndilo litakalotutia matatani.

Msomaji mmoja tu hakuwahi kulipa barua: binti wa kaka yake, aliyeuza kwenye duka la dawa na kila mtu akimwita Dozi. Huyo alipewa kila toleo kwa sababu ya damu. Yeye pia aliandika hadithi za wapangaji walewale, lakini aliziweka mtandaoni, bure, na wasomaji elfu nne walimbonyezea alama ya moyo kila wiki.

"Shangazi, weka mtandaoni. Watu watasoma."

"Watabonyeza. Kubonyeza si kusoma, mwanangu. Hata mbu anabonyeza."

Tuseme ukweli: alikuwa na wivu. Elfu nne! Yeye hajawahi kuona watu elfu nne mahali pamoja ila uwanjani, na hao walikuwa wakimzomea refa.

Toleo la arobaini na moja halikuwa toleo la hivihivi. Safari hii Shangazi aliandika mwisho wenyewe, ule alioukwepa miaka yote ishirini na miwili. Mpangaji anaweka sanduku chini, daktari wa meno analifungua, kumbe halina kitu. Hakuwa anakwenda popote. Alitaka tu mtu mmoja amwambie abaki. Shangazi alipopiga nukta ya mwisho alilia, akajifuta kwa utepe wa taipu bila kujua, akashinda na shavu jeusi.

Jumapili mchana Dozi alikuja kumsaidia kukunja. Kopi zilitandazwa kitandani. Sasa, jarida la kukunja lina mambo yake. Karatasi nne hubeba kurasa kumi na sita, na kabla hazijakunjwa hazifuatani hata kidogo: ukurasa wa mwisho umelala ubavuni mwa wa kwanza, wa kumi na tano ubavuni mwa wa pili, shaghalabaghala. Ukizikunja na kuzichomeka moja ndani ya nyingine, kila ukurasa unarudi kwao.

Pini za stapla zikaisha. Shangazi akatoka kwenda dukani kutafuta nyingine. Huku nyuma Dozi akatoa simu, akapiga picha karatasi zote, mbele na nyuma, akazirusha mtandaoni vilevile zilivyolala. Aliandika: "Kazi ya shangazi yangu. Someni bure." Nia yake ilikuwa njema kabisa. Ila nia njema nayo huvunja vyombo.

Alhamisi, Shangazi akipita mbele ya kibanda cha Fundi, alisikia sauti ya kumwita.

"Mama Mhariri! Umeanza kuandika kisasa siku hizi?"

"Wewe nakala yako sijakuletea bado." Fundi alipewa nakala ya mwisho kila mara, kama adhabu.

"Wateja wangu wanazo kwenye simu. Wamenisomea yote. Mwenye nyumba umemzika, sawa, Mungu amlaze pema. Kidogo tu amefufuka, anakaripia watu kwa kumwaga maji ngazini! Na hilo sanduku tupu unaliweka mwanzoni kabisa, halafu hadithi inaishia kwenye kubadilisha taa?"

Shangazi hakuaga. Alifika duka la dawa akapita foleni nzima, mwenye kikohozi na mwenye jino wakimpisha.

"Nipe simu."

"Shikamoo, Shangazi. Nilitaka kukushtukiza kwa—"

"Simu!"

Akavaa miwani. Mioyo elfu sita. Maoni mia tatu na kitu. Watu walikuwa wakibishana kama wana hisa. Mmoja alieleza kwa kirefu kwamba mwandishi ameanza na mwisho kwa sababu binadamu huzaliwa akiwa ameshakufa moyoni. Mwingine aliandika, "Sentensi ya mwisho, 'Shika ngazi, nisije nikaanguka,' imenivunja. Ndiyo maisha yenyewe." Sentensi hiyo ilikuwa ya ukurasa wa tisa. Mpangaji alikuwa anaweka balbu.

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka mwenye kikohozi akampisha na kiti. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Dozi. Wewe uliisoma?"

Dozi akaanza kupanga vidonge vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Ungeisoma ungejua haifuatani. Hukuisoma. Na zile arobaini?"

"Shangazi, kazi zinanibana..."

"Hata moja?"

Dozi akavipanga upya vidonge vilevile. Shangazi aliumia, tena sana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Mwisho wake, wa miaka ishirini na miwili, watu elfu sita walikuwa wameupita kama wanavyopita salamu, na mtoto wa kaka yake hakupita hata hapo.

"Nitazipanga upya sasa hivi," Dozi alisema, machozi yakimlenga. "Nazifuta, naziweka kwa mpangilio."

Machoni mwa Shangazi ukaingia ule ujanja uliowahi kufuta namba za kurasa.

"Ziache. Andika ninavyokwambia. 'Mmesoma karatasi zilizotandazwa, hamkusoma jarida. Chapisheni karatasi nne, mbele na nyuma. Kunjeni katikati, chomekeni, baneni, ndipo msome. Bei ni barua ya ukurasa mmoja.' Weka na sanduku langu la posta. Na wewe, mwanangu, kuanzia leo hulipi, hupati."

Mtandaoni pakawaka moto. Wengine walikasirika. Mmoja aliapa kwamba hadithi iliyovurugika ilikuwa bora kuliko iliyopangwa, na Shangazi akalipenda tusi hilo kisirisiri. Wengi waliuliza kama hawezi kutuma tu muhtasari. Lakini wachache walikunja. Barua ya kwanza ilifika baada ya siku kumi na moja, kutoka kwa muuguzi aliyeshona jarida lake kwa uzi wa hospitali kwa kukosa stapla ndefu. Aliandika kwamba alipofika kwenye sanduku tupu alikuwa zamu, na mgonjwa akamwuliza nani kafa. Shangazi alisoma barua hiyo mara nne akiwa amesimama.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, Fundi alibisha hodi. Hakufurahi. Alikuwa amevaa shati la kwendea misibani.

"Ngapi?"

"Tisa. Na yako imo."

Wakatazama stapla mezani. Shangazi alikuwa ameipangusa na kuitia mafuta. Aliisukuma taratibu upande wa Fundi. "Ahadi ni deni," alisema. Fundi hakuigusa.

Mlango ukasukumwa. Dozi, anahema, bahasha mkononi, stempu juu yake na muhuri wa posta, ingawa anakaa mtaa wa tatu tu.

"Nimemsubiri karani wa posta afungue. Nikamwomba agonge muhuri anirudishie mkononi."

"Barua ya ndugu haihesabiwi," Fundi alisema, uchokozi ukiwa umemrudia palepale. "Ndugu husifu tu."

Shangazi akaifungua. Kurasa mbili, mwandiko wa duka la dawa, ikabidi aisome polepole kwa sauti:

"Shangazi. Nimesoma yote arobaini na moja. Nimechelewa miaka mingi, nisamehe. La mwisho nimelikunja mwenyewe na kuliandikia namba kwa kalamu. Nalalamika. Ukurasa wa pili, mstari wa sita, sanduku la mpangaji ni jekundu. Ukurasa wa kumi na sita, mstari wa kwanza, ni la kahawia. Ana masanduku mawili? Na kama ni mawili, daktari wa meno kafungua lipi?"

Fundi akachomoa nakala yake mfukoni, akalamba kidole, akahesabu kurasa. Akarudi mwanzo. Akahesabu tena.

"Jekundu," alisema kwa unyonge. "Kahawia. Limenipita. Mimi!"

"Umesema ndugu husifu tu?" Shangazi aliuliza. "Huyu kanivua nguo. Inahesabiwa. Ni ya kumi."

Akavuta stapla kwa mikono miwili, akairudisha upande wake. Akavuta kiti karibu na taipu, akamwashiria Dozi aketi. Akatia karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu toleo la kumi na mbili, chini katikati, akapiga namba moja.

"Haya," alimwambia. "Lile jekundu lina nini ndani?"