Mgombea Aliyekatazwa Chai

Haya aliniambia Nkatha mwenyewe, mwezi wa tatu, Jumamosi tuliyoshinda jikoni mwa kanisa tukimenya viazi vya harusi ya watu. Magunia yalikuwa manne na visu viwili, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kusema yote.

Mumewe, Kirimi, dereva wa basi la mji, amegombea kiti cha bunge la jimbo la Ontario mara tatu. Sababu yake ni ya zamani. Walipofika Toronto walipanga mtaa wa Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na moja, na lifti ikaharibika wiki tano Nkatha akiwa na mimba ya Melissa. Alipanda ngazi kila siku, akipumzika ya nne na ya nane, na barua walizoandika hazikujibiwa hata moja. Kirimi akaulizauliza ni nani hutunga sheria za wapangaji, akaambiwa ni bunge la jimbo. Tangu siku hiyo kile kiti kikamkaa moyoni, halali wala haamki bila kukitaja.

Mara ya kwanza alisimama bila chama. Sasa Kirimi ni Mmeru, na kwao mtu hapigi hodi akaondoka koo kavu. Kila mlango uliofunguliwa aliingia, akavua viatu, akaketi, akanywa chai, akauliza habari za wazazi waliobaki nyumbani. Jioni nzima akamaliza nyumba nne. Akirudi humwambia mkewe kwamba kura zinajaa kama maharagwe guniani. Alipata mia tatu na kumi na mbili. Nusu ya waliompa chai walikuwa bado si raia, walimwombea tu.

Mara ya pili chama kilimpa tiketi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeitaka, akawa wa pili. Hapo Nkatha akamwambia: mara tatu, basi. Yeye ni muuguzi katika nyumba ya wazee, na kila uchaguzi alibadilishana zamu hadi wenzake wakaanza kumkwepa koridoni. Kirimi akakubali bila kubisha, na hilo ndilo lililomtia Nkatha wasiwasi, maana mumewe akinyamaza ujue ameumia. Kwa hiyo akaamua hii ya tatu iwe ya kushinda, tena aiendeshe yeye.

Uchaguzi ukaitishwa ghafla katikati ya baridi, wiki nne tu. Melissa, aliye chuo kikuu sasa, akawachorea ramani ya milango kwenye simu, akamweleza baba yake kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba wapinzani humaliza milango sitini kwa jioni. Nkatha akaweka sheria. Hakuna kuingia ndani, hakuna kuvua viatu, hakuna chai. Dakika mbili, karatasi mkononi, mlango unaofuata. Alitembea naye mwenyewe, kalamu nyuma ya sikio, na kila Kirimi alipoinama kushika kamba za viatu alimvuta koti.

Kirimi akatii. Milango sitini, siku nyingine sabini. Watu wasiomjua hata kwa jina, Wafilipino, Waafghani, wazee wa Kigiriki wenye mbwa, walipokea karatasi wakasema watafikiria, na wengi walimaanisha. Namba za Melissa zikapanda. Nkatha akaanza kuamini, akawa anapiga hesabu ya shati gani Kirimi avae siku ya kuapishwa.

Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, Kangethe rafiki yao alisema mbele ya watu, kikombe mkononi, "Mheshimiwa wetu hajaapishwa bado, na tayari ana haraka ya waziri." Wote wakacheka, Nkatha pia. Mama Sabine hakucheka.

Huyu Mama Sabine ni mjane wa kutoka Bukavu, anakaa jengo la mwisho, lile linalotazama bonde. Mara ya pili ndiye aliyemlisha Kirimi sombe, kile kisamvu cha kwao, na fufu hadi akashindwa kuinuka kitini, kisha siku ya kura akawatoa Wakongomani na Warundi wa jengo zima, zaidi ya watu mia mbili. Akamvuta Nkatha pembeni.

"Mama Melissa," akasema, "bwana yako aliogopa vikombe yetu?"

Nkatha akasema la, ni muda tu, milango ni mingi.

"Nilikuwa nimeweka maji ku moto. Yeye akasimama ku mlango kama karani ya mwenye nyumba, analeta barua ya kufukuza mutu. Jengo muzima tulisema, huyu sasa amekuwa mukubwa."

Nkatha alirudi nyumbani na aibu hiyo, akaenda nayo kazini Jumatatu, akawa anawageuza wazee vitandani akiwaza lile neno karani. Hakumwambia Kirimi. Aliogopa kwamba atataka kurudi kila mlango, na siku zilizobaki zilikuwa tatu.

Jumatano, mkesha wa uchaguzi, ramani ya Melissa ilisema majengo mawili upande wa Don Mills, milango mia na ishirini. Nkatha akamwambia Kirimi aache karatasi garini. Wakapanda kwa Mama Sabine. Kirimi alikuwa ameshavua viatu kabla mlango haujafunguka vizuri. Walikaa saa mbili na zaidi. Nkatha akasema wazi kwamba aliyekataza chai ni yeye, mwenye kosa asitafutwe kwingine.

Mama Sabine akamtazama, akamtazama Kirimi. "Basi ni wewe tungepigia kura," akamwambia Nkatha. "Huyu ni dereva tu."

Wakacheka wote watatu. Lakini alipowasindikiza hadi kwenye lifti aliwaambia kweli yake. Yeye atakwenda, na watu wa nyumba yake atakwenda nao. Jengo zima hawezi. Watu wamesema wiki tatu, naye hana namna ya kuyarudisha maneno hayo kwa usiku mmoja.

Alhamisi theluji ilianguka tangu alfajiri. Mama Sabine akaja kwa miguu na watu saba. Kangethe, aliyeshinda kituoni kama wakala, hakuona hata hamsini kutoka jengo lile. Hawakumpigia mwingine; walikaa nyumbani. Kirimi akashindwa kwa kura mia moja thelathini na moja.

Jumamosi asubuhi Nkatha akatoka zamu ya usiku, akamkuta mumewe barabarani aking'oa mabango yake. Waya zilikuwa zimeganda ardhini. Nkatha akachukua chupa ya maji moto, akawa anamwaga kidogo kidogo huku Kirimi akivuta.

"Kosa ni langu, Baba Melissa. Ningekuacha ukae."

"Ungeniacha, wale wengine nisingewafikia." Akavuta jingine. "Na nikwambie? Nilishukuru kidogo. Yule mama hutia sukari vijiko vitano."

Nkatha akacheka mpaka akamwaga maji kwenye glavu. Kirimi akarusha bango ndani ya gari, akasema bila kumtazama, "Tulisema tatu. Neno langu nimelishika."

Walizunguka mitaa miwili, bango kwa bango. Kwenye kona ya tatu Nkatha akafunga chupa.

"Hadi uchaguzi mwingine ni miaka minne, labda wakiuharakisha tena, mitatu," akasema. "Tuanze wiki ijayo. Kila Alhamisi nyumba moja, tukae mpaka watuchoke. Ile milango sitini tutaikimbia mwezi wa mwisho."

"Hiyo ni ya nne, Nkatha."

"Kuhesabu najua."

Kirimi alikunja uso kama mtu aliyeingiwa na theluji machoni, akaendelea kung'oa mabango hadi yakaisha.

Nyumbani aliketi kwenye kochi na koti lake, akauliza waanzie nyumba gani, na kabla hajajibiwa alikuwa amelala, mdomo wazi. Nkatha akamfunika. Akampelekea Mama Sabine ujumbe, amtajie aliyekasirika kuliko wote katika jengo lile, waanzie hapo. Akavuta pazia, maana jua lilikuwa linapiga theluji na chumba kimekuwa cheupe. Jibu likaja, sauti ya dakika sita. Akaiweka simu sikioni akajilaza. Alisikiliza dakika ya kwanza yote, na kipande cha ya pili, ndipo usingizi ukamchukua.