Kigiriki cha Baba

Dada mtu alikaa mstari wa pili, tabasamu limemganda usoni. Jukwaani alisimama mdogo wake, Kitinda, jina lililomng'ang'ania mpaka ndevu zikamwota. Amerudi kutoka masomoni juzi tu, na tayari chuo kizima kimeitwa kumsikiliza. Yeye dada alikuwa amefundisha Kigiriki cha Injili hapohapo tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumwekea hata kipaza sauti.

Kitinda aliandika ubaoni kisa cha mtu aliyepooza, kwa Kigiriki, mara tatu: cha Mathayo, cha Marko, cha Luka.

"Yesu anaongea na waandishi," alisema. "Sentensi haijaisha, msimulizi anaingilia kutuambia kwamba sasa anamgeukia mgonjwa. Luka amebadilisha maneno mawili matatu, lakini angalieni: wote watatu wamekatiza palepale. Watu watatu wakisimulia jambo moja, watafanana. Ila wakikohoa wote kwenye neno lilelile, basi kuna aliyemwiga mwenzake, au wote wamechota kisima kimoja."

Ukumbi ukaangua kicheko. Dada akahisi roho inamchoma kama amemeza kaa la moto. Kikohozi kile kilikuwa chake! Kila mwaka aliwachekesha nacho wanafunzi wake. Mwizi mkubwa, na wanampigia makofi!

Maswali yalipofunguliwa, alisimama kabla ya wote.

"Mfano huo wa kukohoa, mhadhiri, umeutoa wapi?"

Kitinda alimtazama kwa mshangao. "Kwa baba, dada. Si ndiye aliyenifundisha Kigiriki?"

Akaketi. Marehemu baba yao, mchungaji, alimfundisha yeye alfa na beta akiwa binti mdogo, mezani, wawili tu. Mfano ule aliupata hapo, akaurudia miaka mingi hata akasahau kwamba si wake. Kumbe baba alikuwa na mwanafunzi mwingine! Afadhali angeibiwa. Wizi ungeuma kidogo kuliko hili.

Watu walipotawanyika alimfuata Kitinda, aliyekuwa akifuta ubao.

"Alikufundisha lini?"

"Ulipokuwa shule ya bweni. Uani, kila Jumamosi."

"Na hukuniambia, miaka yote hii!"

"Baba alinikataza." Kitinda akashikashika kifutio. "Alisema, 'Usimwambie dada yako, atakufa kwa wivu.'"

Dada alifungua mdomo amkaripie, kikatoka kicheko, tena cha machozi. Mzee alimjua, bwana, kama kiganja cha mkono wake.

Wiki iliyofuata alimwachia Kitinda kipindi chake kimoja. Akakaa nyuma ya darasa, mikono kifuani, akimsikiliza. Kitinda alifundisha vizuri. Roho ilimuuma dada, lakini Kitinda alipokosea matamshi ya neno moja, dada alimsahihisha kwa sauti, darasa zima likasikia, na siku ile akala chakula chake kwa raha.